Mafunzo Niliyopata Oxford kwa Mtakatifu Newman

Tarehe 1 Novemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza Mtakatifu John Henry Newman kuwa Mwalimu wa Kanisa, na sisi tunaoshika chaki tukapata msimamizi mpya: Newman sasa ni msimamizi wa elimu Katoliki pamoja na Mtakatifu Thoma wa Akwino. Shuleni kwetu habari hiyo ilipita kama tangazo la Dominiki, watu wakaitikia wakaenda zao. Mimi ilinigusa zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshafika kwake. Nilihiji Oxford, mji wa chuo kikuu nchini Uingereza, pamoja na kundi dogo la waamini, tukilala palepale mjini katika vyumba vya wanafunzi waliokuwa likizo. Asubuhi misa, mchana miguu, jioni mazungumzo na sala. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine marefu, mengine mafupi.

1. Ipo hija isiyo na umati

Mimi niliyezoea hija ya Namugongo, Uganda, ambako Juni 3 unabebwa na watu hata ukitaka kusimama huwezi, Oxford ilinishangaza. Hakuna chemchemi ya kuchotea maji, hakuna wauza rozari langoni. Watalii wamejaa, lakini wengi wanatafuta kumbi zilizopigiwa picha za filamu za Harry Potter. Ukiuliza Newman ni nani, huenda ukaelekezwa kwenye jina la mtaa.

Tena karibu kila mahali alipoishi mtakatifu huyu si mali ya Wakatoliki. Vyuo vya Trinity na Oriel vina mageti na walinzi wake. Chuo kimoja kilitugeuza mlangoni kwa sababu kulikuwa na sherehe, tukasubiri hadi kesho yake. Kanisa alimohubiri miaka 15 ni la Kianglikana hadi leo. Mhujaji hapa ni mgeni wa watu, na mgeni hubisha hodi.

Ndiyo maana nashauri kulala huko. Wanaokuja kwa basi la asubuhi na kuondoka alasiri huona majengo tu. Jioni watalii wakishaondoka, vichochoro vya mawe vinabaki kwa waendesha baiskeli wachache na kengele, na kengele za Oxford hazina umoja, kila mnara unagonga saa kwa wakati wake. Hapo ndipo unapoanza kufikiria kijana wa miaka 16 aliyeletwa mjini hapa na baba yake, hana rafiki hata mmoja.

2. Msimamizi wa elimu alifanya vibaya mtihani

Hili huwa nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka matokeo yanapokaribia. Newman alizaliwa London tarehe 21 Februari 1801 na kuandikishwa Trinity mwishoni mwa mwaka 1816. Alikuwa na akili za kupigiwa mfano, akapata ufadhili wa chuo mwaka 1818, kila mtu akamtazamia daraja la juu. Akasoma mno. Akapunguza usingizi, akajifungia na vitabu, na ulipofika mtihani wa mwisho mwaka 1820 akili ikagoma. Jina lake likatoka chini kabisa ya orodha, katika kundi la waliopita kwa shida.

Isitoshe, benki iliyomlisha baba yake ilikuwa imeshaanguka baada ya vita vya Napoleon. Mtoto wa kwanza katika watoto sita, matokeo mabaya, nyumbani hali ngumu: hadithi hiyo haihitaji kutafsiriwa kwa mzazi yeyote wa Kitanzania.

Miaka miwili baadaye alijaribu kitu ambacho wenzake waliona ni kichaa. Aliomba nafasi ya ualimu wa kudumu Oriel, chuo kilichosifika wakati ule kwa kukusanya wanazuoni wakali kuliko vyuo vyote vya Oxford. Wakubwa wa Oriel walikuwa na mtihani wao wenyewe, wa kupima namna mtu anavyofikiri. Tarehe 12 Aprili 1822 wakamchagua. Siku hiyo aliikumbuka kila mwaka hadi uzeeni.

Tuliposimama kwenye bustani ya Trinity, padre aliyetuongoza alituonyesha maua madogo ya aina inayoota kwenye nyufa za kuta. Newman ameyataja katika kitabu chake cha maisha, *Apologia*, cha mwaka 1864: yalikuwa yakiota ukutani mbele ya chumba chake cha kwanza, naye akayachukua kuwa ishara kwamba atakaa Oxford hadi kufa. Hakukaa.

3. Mji mmoja una mashahidi wa pande mbili

Kanisa la Mtakatifu Maria Bikira liko katikati ya mji, kwenye barabara kuu. Lango lake la mwaka 1637 lina nguzo zilizosokotwa na juu yake sanamu ya Bikira Maria na Mtoto. Askari wa Bunge waliipiga risasi sanamu hiyo mwaka 1642, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndani, nguzo moja imechongwa pembeni. Pengo hilo lilikatwa ili kushikilia jukwaa aliposimamishwa Askofu Mkuu Mprotestanti Thomas Cranmer mwaka 1556, siku aliyopelekwa kuchomwa moto chini ya Malkia Maria, aliyekuwa Mkatoliki. Weka kidole kwenye pengo lile, utaacha kuzungumza juu ya historia ya Kanisa kwa majivuno.

Na upande wetu? Mwaka 1589, chini ya Malkia Elizabeth, mapadre wawili Wakatoliki na walei wawili walinyongwa upande wa mashariki wa mji, karibu na mtaa wa Holywell. Tuliwasalia hapo, magari yakipita. Ndani ya kanisa lile lile la Mtakatifu Maria kuna ubao wa ukumbusho wenye majina ya waliouawa kwa imani, Waprotestanti na Wakatoliki kwa pamoja. Ni Waanglikana walioupokea ukutani kwao. Sijui ni parokia ngapi za kwetu zingekubali.

4. Mimbari haihitaji makelele

Newman, akiwa bado padre wa Kianglikana, alipewa kanisa hilo mwaka 1828 na kulihudumia hadi 1843. Mimbari tuliyoiona ni ya mwaka 1827, kwa hiyo ndiyo aliyopanda. Dominiki saa kumi alasiri wanafunzi walijaa kumsikiliza, ingawa vyuo vingine vilibadilisha saa ya chakula ili kuwazuia. Walioandika habari zake wanakubaliana juu ya jambo moja: hakurusha mikono wala hakupaza sauti. Alisoma mahubiri yake kutoka kwenye karatasi, kwa sauti ya chini, akinyamaza kidogo kati ya sentensi na sentensi.

Naandika hili nikijua nchi ninayoishi, ambako spika za mahubiri zinashindana mtaa kwa mtaa usiku kucha.

Katika mimbari hiyo hiyo John Keble alihubiri tarehe 14 Julai 1833, na Newman aliihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa kile kilichokuja kuitwa Vuguvugu la Oxford. Newman alikuwa amerudi siku chache tu kutoka Italia, ambako homa ilikaribia kumuua kisiwani Sicily, na njiani baharini alikuwa ametunga shairi la sala linaloimbwa hadi leo katika makanisa ya madhehebu mengi. Yeye, Keble, Edward Pusey na wenzao walitaka kulirudisha Kanisa la Uingereza kwenye mizizi ya mababa wa kale: sakramenti, urithi wa mitume, ibada yenye heshima. Walieneza mawazo yao kwa vijitabu. Vilifika 90, na cha 90, alichokiandika Newman mwaka 1841, kilileta kishindo. Alisema Ibara 39 za imani za Kanisa lake zinaweza kueleweka kwa namna isiyopingana na imani ya Kikatoliki ya kale. Maaskofu wakamkemea mmoja baada ya mwingine.

5. Mwalimu anawajibika kwa roho ya mwanafunzi

Oriel, Newman aligombana na mkuu wake, Edward Hawkins, kwa jambo ambalo walimu wa leo tungelipuuza. Newman alitaka mwalimu amfahamu kila kijana aliyekabidhiwa, maadili yake na sala zake, si masomo tu. Hawkins alitaka mwalimu afundishe basi. Hawkins akaacha kumpa wanafunzi wapya, na kufikia 1832 Newman akawa hana wa kufundisha. Kwa maoni yangu hapa ndipo alipostahili cheo cha msimamizi wetu, kabla hajaanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Dublin mwaka 1854 na kabla hajaandika lolote juu ya maana ya chuo kikuu.

6. Kilomita tano zinaweza kuchukua miaka

Littlemore ni kitongoji kusini mashariki mwa Oxford, kilomita tano hivi. Kilikuwa sehemu ya parokia ya Newman, nacho hakikuwa na kanisa, akalijenga. Mama yake aliweka jiwe la msingi mwaka 1835, akafariki mwaka uliofuata kabla halijawekwa wakfu. Ndani yake kuna mchongo wa ukutani unaomwonyesha mama huyo akiwa na mchoro wa jengo, na nyuma yake ujenzi unaendelea.

Basi lipo. Sisi tulikwenda kwa miguu, kama Newman alivyozoea, na mvua ya Uingereza ikatukuta njiani. Si mvua ya masika inayokuja ikamwaga ikaisha. Hii inanyesha kidogo kidogo bila nia ya kukoma. Dada mmoja Mkenya, muuguzi anayeishi huko siku nyingi, alinitazama viatu akacheka: “Mwalimu, pole. Hapa mwavuli ni sehemu ya mwili.” Tulipofika, watawa wanaotunza nyumba walitupokea kwa chai ya moto na kutuelekeza mahali pa kuanika makoti.

Nyumba yenyewe ilikuwa mazizi ya farasi. Newman aliyakodi, akayafanya vyumba vidogo na maktaba, akahamia mwaka 1842 pamoja na vijana wachache waliotaka kusali, kufunga na kusoma. Ukiingia leo unaona majengo ya chini yaliyopinda kwenye kona kuzunguka bustani ndogo. Vyumba ni vya kitanda, meza na dirisha. Hakuna chochote cha kupigia picha ya kujivunia.

Hapa ndipo ilipo siri ya hija nzima. Sisi tumezoea shuhuda za kuokoka kwa usiku mmoja: nilikuwa mlevi, nikasikia sauti, nikaanguka chini. Newman alianza kuwa na shaka juu ya msimamo wake mwaka 1839, akisoma historia ya mabishano ya karne ya tano. Hakuhama. Mwaka 1841 akapigwa na maaskofu wake. Hakuhama. Septemba 1843 akaachia kanisa lake mjini, na tarehe 25 mwezi huo akatoa mahubiri yake ya mwisho kama Mwanglikana hapa Littlemore, juu ya kuagana kwa marafiki, watu wakilia wazi wazi. Bado hakuhama. Mwaka 1845 akasimama mbele ya dawati refu akiandika kitabu juu ya namna mafundisho ya Kanisa yanavyokua bila kupoteza asili yake, akitaka kujua kama moyo wake unamdanganya. Kitabu hakikuisha. Kabla hajakimaliza alikuwa amepata jibu.

Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1845 alifika padre Mwitaliano wa Shirika la Mateso, Dominiko Barberi, akiwa amesafiri saa nyingi juu ya gari la farasi, nje, kwenye mvua. Alikuwa bado anajikausha motoni Newman alipoingia, akapiga magoti, akaomba kupokelewa katika Kanisa Katoliki. Barberi alikuwa mtoto wa wakulima, mchunga kondoo utotoni, na Kiingereza chake kilichekwa na watoto barabarani. Msomi aliyesikilizwa kuliko wote Oxford alitubu mbele ya mtu huyo, maungamo ya maisha yake yote. Kesho yake, tarehe 9, akapokelewa. Misa iliyofuata, dawati lake la kuandikia ndilo lililogeuzwa altare. Barberi naye sasa ni Mwenyeheri, tangu 1963.

Tulikaa kimya muda mrefu katika kikanisa cha ndani. Nilifikiria watu ninaowajua ambao wanasitasita mlangoni mwa uamuzi mkubwa, na sisi wacha Mungu tunavyowasukuma. Kusitasita kwa Newman kulikuwa utii. Alikataa kwenda mbele ya dhamiri yake hata hatua moja, na ilipomwita alikataa kubaki nyuma.

7. Uongofu una bei, na hulipwa na marafiki

Mdogo wake Harriett alikata uhusiano naye. Pusey alibaki ng'ambo ya pili. Keble vilevile, walikuja kuonana tena baada ya miaka mingi, wazee. Februari 1846 Newman aliondoka Oxford, na hakulala tena mjini humo kwa miaka 32.

Wala si Waanglikana tu waliomfungia. Sheria ya nchi iliwafungulia Wakatoliki vyuo vikuu vya kale kufikia mwaka 1871, lakini maaskofu wetu wenyewe waliendelea kuwakataza waamini kusoma huko hadi miaka ya 1890. Newman alinunua kiwanja Oxford miaka ya 1860 akitaka kuanzisha nyumba ya Oratori, jumuiya yake ya mapadre. Wakubwa wa Kanisa wakauzuia mpango. Alirudi mwaka 1878, Trinity walipomwita awe mwanachuo wao wa heshima, wa kwanza kabisa kupewa heshima hiyo. Mwaka uliofuata Papa Leo XIII akamfanya kardinali. Alifariki Birmingham tarehe 11 Agosti 1890.

Mapadre wa Oratori sasa wako Oxford. Wanahudumia kanisa la Mtakatifu Aloisi, barabara ya Woodstock, tangu 1990, na huko ndiko tulikosali misa zetu nyingi. Kanisa hilo lilifunguliwa mwaka 1875, miaka mitatu kabla mzee hajarudi.

8. Ubani wa Magila ulitoka huku

Sisi wa upande wa Muheza, mkoani Tanga, tumekua tukiona kitu bila kuuliza. Waanglikana wa Magila, jirani zetu, wanafukiza ubani, wanaimba misa, wanaungama kwa padre, wana watawa. Waanglikana wa Dodoma, walioletewa Injili na wamisionari wengine, mambo hayo hawakuyazoea. Utotoni tulidhani ni ukaribu na sisi Wakatoliki.

Jibu nililipata Oxford. Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, ilianzishwa baada ya David Livingstone kuwahutubia wasomi wa Cambridge mwaka 1857, na Oxford ikaingia. Walioitika wengi walikuwa wameguswa na vuguvugu la akina Newman na Pusey. Ndio waliojenga kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, palipokuwa soko la watumwa, kuanzia mwaka 1873. Ndio waliokwenda Magila na Masasi. Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi alipofariki 1924, alisoma Trinity, chuo kile kile cha Newman.

Kwa hiyo jirani yangu Mwanglikana wa Muheza na mimi tuna babu mmoja wa kiroho, ambaye kila mmoja wetu alidhani ni wa mwenzake. Nilimwambia niliporudi. Alisema alijua zamani, ila sisi Wakatoliki hatuulizi.

9. Neno kwa anayetaka kwenda

Sikukuu ya Newman ni tarehe 9 Oktoba, siku aliyopokelewa, si siku aliyokufa. Panga safari karibu na tarehe hiyo ukiweza, lakini vyumba vya wanafunzi hupatikana kwa urahisi zaidi wakati wa likizo ndefu, Julai hadi Septemba. Viza ya Uingereza ianze mapema. Chukua viatu vya kutembelea na koti la mvua, hata kama kalenda inasema kiangazi. Soma *Apologia* kabla hujaondoka, angalau sura za mwanzo, la sivyo utaona kuta tu. Waandikie watawa wa Littlemore kabla ya kufika, maana ile ni nyumba ya watu wanaosali. Na kama nauli haipo, kama ilivyo kwa wengi wetu, nenda Magila Dominiki moja, muulize padre wa pale habari za Oxford.